Akina Mama wa Wajir Walianza na Soko
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tunataka kuzungumza juu ya amani. Labda mtu atauliza: sisi ni kikundi cha kuku na mbuzi, mambo ya amani yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mama akiogopa njia ya sokoni, hauzi kitu, na asipouza, mchango wa kikundi hautoki.

Twende Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwaka wa 1991 na 1992 ukame ulikuwa mkali, mifugo mingi ikafa. Kule Somalia serikali ilikuwa imeanguka, na wakimbizi na bunduki vikavuka mpaka. Koo zikaanza kupigana kwa sababu ya maji, malisho na siasa. Watu waliuawa, mifugo ikaibwa.

Ugomvi ukaingia mpaka sokoni. Mama wa ukoo huu hakutaka kununua kwa mama wa ukoo ule. Basi akina mama nao walikuwa ndani ya vita, hata kama hawakushika bunduki.

Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi. Alisimulia kwamba usiku mmoja alijificha na bintiye chini ya kitanda, risasi zikipita. Asubuhi mama yake akamwambia kwamba yeye pia aliwahi kumficha hivyo hivyo, Dekha akiwa mtoto. Ndipo akaona kwamba wasipofanya kitu, binti huyo naye atakuja kumficha mtoto wake.

Je, walifanya nini? Hawakungoja pesa za wafadhili.

Kwanza, walikutana wao kwa wao, akina mama wa koo zote.

Pili, walianza na kitu kilicho mikononi mwao. Walikubaliana kwamba sokoni mama yeyote ana haki ya kuuza na kununua. Wakachagua kamati ya kuangalia soko kila siku, na kukitokea shida, kamati inashughulikia. Kanuni bila mtu wa kuifuata ni maneno tu.

Tatu, hawakuwaruka wazee. Waliwaendea kwa heshima, na mzee wa ukoo mdogo akasimama kuwa msemaji, kwa maana ukoo wake haukutisha mtu. Mwaka wa 1993 wazee wakakubaliana juu ya Azimio la Al-Fatah, mwongozo wa kurudisha amani. Vijana nao wakaingizwa kazini.

Nne, walishirikiana na serikali. Mwaka wa 1995 kamati ya amani ikawekwa chini ya kamati ya maendeleo ya wilaya, mwenyekiti akiwa mkuu wa wilaya. Baadaye wilaya nyingine zikaiga mfano huo.

Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka wa 2007, akafariki mwaka wa 2011 baada ya ajali ya gari. Alikuwa Mwislamu mcha Mungu. Sisi tunaosoma Biblia tunamkumbuka Abigaili, aliyepakia mikate juu ya punda akaenda kumzuia Daudi asimwage damu. Naye hakungoja kutumwa.

Hatusemi vita viliisha kabisa. Mwaka wa 2014 Wagarre na Wadegodia walipigana tena katika sehemu za Wajir na Mandera. Amani ni kama shamba: ukiacha kupalilia, magugu yanarudi.

Hapa kwetu huenda hakuna risasi. Lakini kuna mama anayenyimwa zamu ya mtungi kisimani kwa sababu ya kabila lake, na kuna kikundi kilichogawanyika wakati wa kura. Mambo makubwa huanza hivyo. Tuyashike yakiwa bado madogo.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Ni nani hapa kwetu anaogopa kufika sokoni, kisimani au mkutanoni? Kwa nini?
2. Tunaweza kukubaliana juu ya kanuni gani moja, na ni nani atakayeiangalia kila siku?
3. Ni mzee gani anayeaminiwa na pande zote? Nani ataenda kumwona, na lini?

Msifunge mkutano kabla ya kujibu swali la tatu. Mungu awabariki.