6x Iliyopotea Njiani

Msikilizaji, kama uko kwenye usukani, usijaribu hili. Wengine chukueni kalamu. Andika: fungua mabano, x kujumlisha 3, funga mabano, yote kipeo cha pili. Sasa yafungue hayo mabano. Umepata nini?

Najua kuna mtu pale Kondele, Kisumu, ameshasema x mraba kujumlisha 9. Usione haya, mko wengi. Weka 2 mahali pa x uone. 2 na 3 ni 5, na mraba wa 5 ni 25. Jawabu lako linatoa 4 na 9, yaani 13. Zimepungua 12, na hizo zimo ndani ya 6x uliyoiruka.

Lakini mimi hapa studio sikuoni. Sijui umeiruka au umeiandika. Unanisikia vizuri, nami nakisia tu. Hivyo ndivyo walivyojikuta wahadhiri wa hisabati wa upande huu wa Ziwa Victoria mwaka 2020.

Machi 15 mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule zote kwa sababu ya korona, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Maseno na Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo wakafunga mizigo, wakapanda matatu. Intaneti ya kasi, ile inayoletwa chuoni kwa nyaya za KENET, mtandao wa vyuo vya Kenya, ikabaki ikihudumia majengo matupu. Mwenye kuihitaji alikuwa ameshafika kwao, Usenge au Mbita, ananunua bando la kukwangua.

Na huko kwao hakukuwa shwari. Mei ya mwaka uleule Ziwa Victoria lilifurika kupita ilivyowahi kupimwa. Maji yakaingia Dunga, yakaingia Nyakach, watu wakahama na magodoro kichwani. Mhadhara wa aljebra ulimkuta mtu akitafuta pa kulala. Na aliyekuwa na paa lake, mvua ikianza kupiga mabati, hata simu uibane sikioni husikii neno.

Mwezi Julai tukaletewa maputo. Hilo wengi wameshalisahau. Telkom Kenya pamoja na Loon, kampuni ndugu ya Google, walirusha maputo kama 35 yakaelea kilomita 20 hivi juu yetu, yakimwaga intaneti katika eneo la kilomita za mraba zinazokaribia 50,000, huku magharibi na katikati ya nchi. Januari 2021 wenye Loon wakatangaza kwamba biashara hailipi, wanafunga. Siwacheki. Angalau walijaribu. Ila tangu siku hizo kila kikao kuhusu masomo ya mbali kimekuwa kikao cha mtandao: minara mingapi, bando shilingi ngapi, puto liko wapi. Mimi naona tuliuliza swali dogo tukaliacha kubwa.

Katika hisabati, sauti ya mwalimu si mzigo mkubwa wa kusafirisha. Vitabu vipo, na video za watu wa mbali wanaoeleza kalkulasi zimejaa tele. Kigumu kusafirisha ni mkono wa mwanafunzi. Mhadhiri akiwa darasani hupita kati ya viti, akachungulia daftari, akaona mstari wa 3 umepinda, akaweka kidole pale bila hata kusema neno. Zaidi ya hapo husoma nyuso. Kuna ule ukimya wa darasa lililoelewa, na kuna ukimya wa darasa lililopotea, na aliyefundisha miaka mingi hawezi kuzichanganya. Kwenye simu madarasa hayo yote mawili ni duara zenye herufi za majina, maikrofoni zimezimwa.

Utaniambia, si wangepiga picha za madaftari wakatuma kwa WhatsApp? Walituma. Na picha ya ukurasa mmoja hula data kidogo kuliko dakika chache za video, kwa hiyo msilaumu bando. Tupige hesabu. Tuseme darasa la mwaka wa kwanza lina watu 300, kila mmoja anatuma kurasa 4 kwa wiki. Hizo ni picha 1,200. Ukizipa dakika 2 kila moja, ni saa 40. Wiki nzima ya kazi imekwisha, kwa somo moja, na picha nyingine zimepigwa kichwa chini, na moja ina kivuli cha aliyepiga. Nani atazisahihisha?

Maseno walikuwa wameanza kulijibu swali hilo kabla ya ugonjwa. Mwaka 2019 walianza kutumia STACK, programu huria iliyoanzishwa na Chris Sangwin, mwanahisabati wa Uingereza. Si mtihani wa kuchagua a, b au c. Mwanafunzi anaandika jawabu lenyewe, nayo mashine inafanya aljebra kupima kama ni sawa, hata likiandikwa kwa sura nyingine. Kila mmoja anaweza kupewa namba zake, wewe x na 3, jirani yako x na 7, basi kunakili jawabu hakufai kitu. Na mhadhiri anayejua makosa ya watu wake huyaweka humo mapema: akija mtu na x mraba kujumlisha 9, asiambiwe tu umekosa, aulizwe kilichotokea katikati. Jibu linakuja hapohapo, saa tano usiku, mhadhiri akiwa amelala. Wengine walipokuwa wakikimbia huku na huko Machi 2020, hawa tayari walikuwa na pa kushika.

Kisha likatufika la 2021. Aina ya virusi iitwayo Delta ikabainika Kisumu, na Juni kaunti 13 za ukanda huu zikafungiwa ndani kuanzia saa moja jioni. Kwa mwanafunzi wa hisabati delta ni herufi ya Kigiriki anayohenyeshwa nayo kwenye somo la vikomo. Alidhani hiyo ndiyo delta ya kutisha.

Leo vyuo vimerudi kwenye ubao, na mtu akitaja mashine ya kusahihisha anaambiwa hayo yalikuwa ya korona. Sikubali. Darasa la 300 halikuletwa na korona. Lilikuwepo, lipo, na kazi ya rafu ya mwanafunzi wa kiti cha nyuma ilikuwa haionwi na mtu hata siku zile za chaki. Mashine ichukue zile saa 40. Mhadhiri arudishiwe hizo saa, na asipewe kamati nyingine ya kuketi. Akae na madaftari machache kila wiki, asome njia, si jawabu.

Turudi kwako uliyeshika kalamu pale Kondele. Itazame karatasi yako. Huenda uliiandika 6x, ukaitilia shaka, ukaikata. Mashine itapokea x mraba na 9, basi. Mtu akiishika karatasi hiyo ataona mkwaruzo, na atakuuliza kwa nini uliikata.