Taa ya Joto Katika Banda la Mbao

Mazungumzo ya leo yanawahusu zaidi ninyi mnaoishi sehemu za baridi: Njombe, Makete, Mufindi, Lushoto na milima mingine kama hiyo. Huko mwezi wa Juni na Julai baridi humuuma mtu mzima, sembuse kifaranga wa siku moja ambaye hajaota manyoya. Na huko huko mabanda mengi hujengwa kwa mabanzi ya msindano, mti wenye utomvu unaoshika moto upesi. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, umeme umefika vijiji vingi, na wako wafugaji walioacha jiko la mkaa wakachukua taa ya joto. Ni jambo jema. Lakini taa hiyo ni moto, hata kama huoni mwali wake, nawe umeutundika ndani ya nyumba ya kuni iliyotandikwa maranda makavu.

Tuanze na taa yenyewe. Balbu ya joto inayouzwa kwa ajili ya vifaranga kwa kawaida ni ya wati 250. Wakati wa baridi moja hutosha vifaranga 50 hadi 75. Balbu za LED na zile za kubana matumizi haziwezi kazi hii. Zimetengenezwa zitoe mwanga, si joto. Tena uziepuke balbu zilizopakwa utando wa plastiki ili zisipasuke. Utando wa namna hiyo ukipata moto huweza kutoa hewa inayoua ndege, na mfugaji hubaki akitafuta ugonjwa ambao haupo.

Ukiiwasha kutwa kucha, taa moja hula yuniti 6 za umeme. Fanya hesabu yako mapema, usije ukaishiwa LUKU saa nane ya usiku.

Sasa kishikio cha balbu, ambacho mafundi wetu hukiita holda. Kiwe cha kauri. Cha plastiki ni cha taa ya sebuleni. Kwa balbu ya wati 250 hulainika, hupasuka, na balbu huanguka. Kofia ya taa iwe ya bati, na chini yake pawe na wavu wa chuma wa kuzuia maranda yasiiguse balbu hata ikitokea imeshuka. Kwa kuwa kofia ni ya chuma, waya wake uwe na nyuzi tatu, ule wa kijani na manjano ukiwa umefungwa kwenye kofia na kuunganishwa na ardhi. Kazi hiyo mpe fundi umeme.

Mwulize fundi huyo pia habari za fyuzi. Plagi nyingi za pini tatu huuzwa zikiwa na fyuzi ya ampea 13. Taa yako inatumia ampea 1 na kidogo tu. Waya mwembamba ukipata hitilafu, unaweza kuungua kabla fyuzi ya 13 haijakatika. Kwa taa moja au mbili fyuzi ya ampea 3 yatosha.

Je, taa itundikwe na nini? Hapa ndipo wengi hufanya mzaha. Nimeingia mabanda ambamo taa inaning'inia kwa waya wake wa umeme, au kwa kamba ya katani, au kwa mfuko wa nailoni uliosokotwa. Waya wa umeme kazi yake ni kupeleka umeme, si kubeba mzigo. Tumia mnyororo mwembamba wa chuma, na ndoano iliyokazwa kwa skrubu kwenye boriti. Msumari uliopigwa kwenye banzi haufai. Mbao ikikauka kwa joto, msumari hulegea. Kisha weka mnyororo wa pili, kwenye ndoano yake yenyewe, mrefu kuliko wa kwanza kwa vidole vinne tu. Wa kwanza ukikatika, taa itashuka vidole vinne na kusimama. Ukimaliza, ivute kwa mkono. Ikiwa unaogopa kuivuta, basi haijafungwa.

Urefu wake uwe sentimita 60 juu ya maranda, na isikaribie ukuta wa mbao kwa chini ya hapo. Weka kipimajoto usawa wa mgongo wa kifaranga: juma la kwanza yafaa kisome nyuzi 32 hadi 35, halafu upunguze nyuzi 3 hivi kila juma kwa kuipandisha taa. Banda likiwa la baridi sana unaweza kuishusha, lakini usipite sentimita 45. Vifaranga wakiendelea kulundikana hapo chini, ongeza taa ya pili na uzibe nyufa zinazopitisha upepo karibu na sakafu, ila uache hewa ipite juu. Wakikimbilia pembezoni wakihema, joto limezidi.

Iwashe taa siku moja kabla vifaranga hawajaletwa, mchana, ukiwa macho. Baada ya saa kadhaa weka kiganja kwenye mbao iliyo juu ya taa na iliyo kando yake. Ukishindwa kukiacha hapo, mbao hiyo iko karibu mno. Endelea kuitazama kila juma, kwani mbao iliyogeuka kahawia inakuonya.

Lakini, ndugu msikilizaji, hatari ninayoiogopa kuliko zote huja umeme ukikatika. Giza linaingia, vifaranga wanalia, mama au kijana wa nyumbani anakimbia bandani. Anaisogeza taa kando apate nafasi, anailaza kwenye maranda, au anafunika eneo lote kwa blanketi. Taa imezimika, basi nani ataiogopa? Vifaranga wanatulia, watu wanarudi kulala. Saa tisa ya usiku umeme unarudi, na taa ile inawaka ikiwa imelala juu ya maranda, au blanketi likiwa limeigusa.

Kwa hiyo, umeme ukikatika, kitu cha kwanza ni kuzima swichi. Kabla ya kugusa kifaranga, kabla ya kutafuta blanketi. Na swichi hiyo iwe nje ya banda, mahali ambapo hata mtoto mkubwa anapajua, maana siku ya moto hutaweza kuingia ndani kuitafuta. Vifaranga watie katika boksi lenye matundu, watandikie maranda, ulifunike kwa gunia jepesi. Wakiwa wengi pamoja watapeana joto kwa saa kadhaa. Jiko la mkaa katika banda lililozibwa litawaua kwa hewa yake, nawe pia ukilala humo. Umeme ukirudi, tazama kwanza taa iko mahali pake, ndipo uwashe.

Mengine ni madogo. Vyombo vya maji visikae chini ya taa, kwa sababu tone la maji baridi hupasua balbu ya moto. Vumbi lifute taa ikiwa imezimwa na imepoa. Waya upitishe juu, panya wasiufikie kwa urahisi. Waya wa kuongezea usiuache umeviringishwa, kwani hupata joto. Ndoo mbili za mchanga ziwe mlangoni, na maji yasimwagwe kabla swichi haijazimwa.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya chanjo ya kideri na namna ya kuihifadhi isiharibike njiani. Kwaherini.