Unganisha Simu na Redio ya Gari kwa Usalama

Leo tunaeleza namna ya kuunganisha simu na redio ya gari bila waya, kwa Bluetooth.

Kwanza, egesha gari na uvute breki ya mkono. Redio nyingi hukataa kuunganishwa gari likiwa kwenye mwendo. Washa Bluetooth kwenye simu. Kwenye redio, fungua sehemu ya simu, kisha chagua kuongeza simu mpya. Jina la redio likitokea kwenye simu, libonyeze. Hakikisha namba inayoonekana pande zote mbili ni ileile, ndipo ukubali. Redio za zamani huomba namba ya siri, mara nyingi 0000 au 1234.

Simu ikigoma kuunganishwa, futa simu kwenye redio na redio kwenye simu, uanze upya. Orodha ya simu kwenye redio ikijaa, ondoa simu zisizotumika.

Ukiruhusu, redio nyingi hunakili majina na namba za watu wako. Kwa hiyo, kabla ya kuuza gari au kurudisha la kukodi, futa simu yako humo. Na ukishashika usukani, usiiguse simu: linda maisha yako na ya wenzako.