Leseni ni ya Dereva, Bima ni ya Chombo

Maelezo ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata na waendesha bodaboda



Mara nyingi tunaulizwa: je, ni lazima mtu awe na bima ndipo apewe leseni? La. Leseni hutolewa na TRA baada ya mwombaji kupata mafunzo ya udereva na kufaulu majaribio ya Polisi wa Usalama Barabarani. Bima hufuata chombo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza chombo kutumika barabarani bila angalau ile tuiitayo bima ndogo.

Hata hivyo, viwili hivi hutegemeana. Hati za bima kwa kawaida humtaka anayeendesha awe na leseni halali ya daraja linalohusika. Vilevile, bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi si ya kubebea abiria kwa malipo.

Niruhusuni niseme wazi kuhusu pikipiki za mkataba. Kijana hukabidhiwa pikipiki na kupeleka hesabu kila siku hadi iwe yake. Bima ikiisha katikati ya mkataba, mwenye mali husema ni juu ya kijana. Kijana naye husema pikipiki bado si yake. Mabishano yakiendelea, mama aliyepakiwa kwenda sokoni anavunjika mguu, na familia yake inauza mbuzi kulipia matibabu. Iandikwe katika mkataba nani atalipa bima, na lini. Kwa maoni yangu, alipe yule ambaye jina lake limo kwenye kadi ya pikipiki.

Bima ndogo humfidia aliyeumizwa. Haimtibu mwendeshaji wala haitengenezi pikipiki yake. Wapo wanaoikata wakidhani vinginevyo.

Ajali ikitokea, toeni taarifa polisi, majeruhi apewe PF3, na stakabadhi za hospitali zihifadhiwe. Kumalizana kijiweni kwa shilingi elfu chache humwacha majeruhi bila ushahidi wa kudai fidia.

Zipo pia stika za bandia. Mfumo wa TIRA MIS, wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, huonyesha kama chombo kina bima hai. Nitabaki hapa baada ya mkutano. Mwenye shaka alete namba ya usajili tuihakiki kwa simu.