Mvumaji wa Milima ya Moto

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za ndege asiyepatikana katika nchi zetu kabisa. Kila mwenye shamba la migomba amemwona chozi akinyonya utamu wa ua. Mvumaji wa Amerika si ndugu yake, ijapokuwa kazi yao ni moja. Chozi hupenda kutua kwanza. Mvumaji husimama hewani mbele ya ua, mbawa zikienda mbio hata jicho lisizione vema, na uvumi wake husikika.

Wavumaji ni zaidi ya namna 300. Nimemchagua mmoja tu, akaaye katika milima mirefu ya Costa Rica na magharibi ya Panama, wala mahali pengine hayuko. Kwao ni juu ya futi 6,000, hata karibu na vilele vya milima ya moto, penye vichaka na baridi. Urefu wake ni inchi tatu, na ndege kumi au kumi na mmoja hupata uzito wa aunsi moja! Kwa udogo huo hufukuzwa na wavumaji wakubwa penye maua mema. Basi huenda kwenye vijiua vidogo, au hunyonya kwa tundu zilizotobolewa na nyuki na ndege wengine. Jike hulea makinda peke yake. Dume hamsaidii hata kidogo.

Sasa sikilizeni jambo lililowasumbua wataalamu. Dume ana koo ling'aalo. Katika milima ya Poás na Barva koo ni jekundu kama waridi. Irazú na Turrialba ni zambarau iliyofifia. Katika milima ya Talamanca, kusini hata Panama, ni kijivu chenye kuelekea zambarau, na pengine kijani. Mwaka 1865 Osbert Salvin, Mwingereza, alimpa jina yule wa Irazú. Mwaka 1870 akampa yule wa kusini jina lake mbali. Mwaka 1910 Carriker, Mmarekani, akaongeza la tatu. Vitabuni wakawa ndege watatu.

Siku hizi wahesabiwa kuwa mmoja, nami naona ni haki. Rangi ile si rangi ya kupakwa. Ni umbo la unyoya lirudishalo nuru, kama povu la sabuni lisilo na rangi yake lenyewe. Ndege akigeuka, koo huonekana jeusi. Mabonde yamewatenga, kila mlima wakazaana wao kwa wao, na koo likabadilika; mwili na desturi ni zile zile.

Lakini hesabu hii si mchezo. Dunia inazidi kupata joto, na viumbe wa chini wanapanda juu. Akaaye kileleni atapanda wapi? Wale wa koo la waridi wana milima miwili tu, na Poás haufiki futi 9,000.