Bolti ya Shokapu: Soma Kichwa Chake

Msikilizaji unayeendesha pikipiki kwenda Yiti, kwenye pwani ya Oman, barabara ile ina milima, miteremko na kona, kisha unafika baharini penye hewa ya chumvi. Kwa kila tuta na kila shimo, uzito wako na wa chombo hupita kwenye bolti chache zinazoshika shokapu. Kwa hiyo, kabla ya kufunga bolti mpya, soma kichwa chake. Alama ya 8.8 ni chuma chenye nguvu, 10.9 ina nguvu zaidi. Wapo wanaosema: pwani kuna kutu, basi tufunge chuma cha pua. Hoja ya kutu ni ya kweli. Lakini kung'aa si nguvu. Bolti ya kawaida ya chuma cha pua, yenye alama A2-70, huzidiwa na 8.8, na mbele ya 10.9 haifui dafu. Dawa ya kutu ni bolti ya alama ileile iliyopakwa zinki, kuosha chumvi, na kukagua mara kwa mara. Wengine watasema, basi tuchukue 12.9. Nayo ina hatari yake: chuma kigumu mno huweza kukatika ghafla, hasa kikiliwa na kutu.

Ichukue bolti ya zamani, nenda nayo dukani. Linganisha alama, unene, urefu na meno. Sehemu inayobeba shokapu iwe laini kama ya zamani, isiwe na meno. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Soma kichwa cha bolti. Isiyo na alama, irudishe.