Chumvi Mezani

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wenu atakionja kabla jua halijatua, nacho ni chumvi.

Biblia inaitaja mahali pengi. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 2, Waisraeli waliamriwa kutia chumvi katika sadaka zao za unga. Elisha aliitumia kuyaponya maji ya Yeriko. Naye Ayubu, katika sura ya 6 na katikati ya mateso yake yote, alipata nafasi ya kulalamika juu ya chakula kisicho na ladha. Zamani tulikuwa tukilisoma lalamiko hilo na kulipita upesi. Siku hizi hatulipiti, kwa kuwa tumelisikia nyumbani kwetu.

Baba yetu alipatikana na ugonjwa wa presha. Daktari alimweleza kwamba chumvi nyingi huzuia maji mwilini na kuongeza nguvu ya damu katika mishipa, na mshipa ukipasuka au kuziba kichwani, mtu aweza kupooza. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Si kijiko kwa kila chungu, bali kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate.

Mama akaogopa. Tangu jioni ile aliondoa kibakuli cha chumvi mezani, akapika maharage chapwa na sukuma wiki chapwa. Baba alionja tonge moja, akaisukuma sahani, akasema ni afadhali afe ameshiba. Mama akamjibu maneno ambayo hatutayarudia hapa redioni. Mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai juu ya usemi uliokolea chumvi. Kwetu chumvi ilikuwa imetoka chunguni ikatoka na midomoni.

Baada ya majuma mawili, tulipokuwa tukimtandikia kitanda, tulikuta pakiti ya chumvi chini ya godoro. Mzee mzima, mwenye kiti chake mbele kanisani, alikuwa akilamba kwa siri kama mtoto aibaye sukari! Tulitaka kumkemea. Lakini tulipoketi na kufikiri, tuliona kwamba tulikuwa tumemnyang'anya kitu bila kumpa kingine mahali pake.

Tukaenda kwa muuguzi wa zahanati. Alitusikiliza, kisha akatuuliza swali ambalo hatukulitazamia: "Na magadi je?" Tukatazamana. Kwetu maharage hayaivi bila magadi, na mrenda hautelezi vizuri bila hayo. Akatueleza kwamba magadi, yale yachimbwayo katika Ziwa Magadi kule Kajiado, si chumvi ya mezani, lakini yana sodiamu kama chumvi, na sodiamu ndiyo imdhuruyo mgonjwa wa presha. Akataja pia unga wa mchuzi wa pakiti na samaki wa ng'onda. Sisi tulikuwa tukijisifu kwamba tumeacha chumvi! Hata ile chumvi ya majivu ya wazee wetu, ipatikanayo kwa kuchoma maganda makavu ya maharage na kuyachuja majivu kwa maji, alitaka tuiulizie kwanza kwa daktari, kwa maana ina potasiamu nyingi, na mwenye figo mbovu huweza kudhurika nayo.

Basi Mama akaanza upya. Maharage huyaloweka usiku kucha, akayapika kwa maji mapya bila magadi. Vitunguu huvikaanga polepole hadi viwe rangi ya kahawia, na hapo utamu wake hutoka wenyewe. Hutwanga saumu na tangawizi pamoja. Mboga za kienyeji huziunga kwa karanga zilizosagwa au kwa maziwa. Dania huitia mwisho kabisa, kwa kuwa ikipikwa sana harufu yake hupotea. Lakini kilichotushangaza kuliko vyote ni ndimu. Kamulia ndimu juu ya mboga zenye chumvi kidogo, nawe utadhani zimeongezwa chumvi. Watu wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani, ndiyo maana wana ukwaju na embe mbichi jikoni. Sisi wa bara tumechelewa.

Tuseme neno moja kwa akina mama wanaosikiliza: msiitupe chumvi ya dukani mkanunua ile ghafi ya magunia. Hapa Kenya sheria inataka chumvi ya chakula itiwe madini ya iodini, ambayo hutukinga na rovu, na huyasaidia makuzi ya ubongo wa mtoto aliye tumboni. Itumieni hiyo hiyo, ila kidogo.

Baba hakuacha dawa zake. Juma la kwanza alinung'unika, na la pili pia. Ulimi hauzoei kwa siku moja. Huchukua majuma kadhaa. Ndipo Mama akafanya jambo ambalo hatukulifikiria. Aliitoa ile pakiti ya chini ya godoro, akaiweka mbele ya Baba pamoja na kijiko cha chai, akamwambia apime mwenyewe kila asubuhi nusu kijiko cha chakula chake cha siku nzima. Agawanye apendavyo. Baba akatafuta kifuniko cha chupa, akawa anakiweka kando ya kikombe chake, na hakuna mtu aruhusiwaye kukigusa.

Juzi jioni tulikula naye ugali, mrenda na kachumbari yenye pilipili. Aliitisha kipande cha pili cha ndimu. Tulipokuwa tukiondoa vyombo, tuliona chumvi imebaki katika kifuniko. Mama pia aliiona, akanyamaza, akamwongezea chai.